Ini likishakua tusiharakishe kusema limepona

Mhariri, salaam. Nimesoma makala yenu kuhusu ini na nimefurahi mmeigusa hii ishu, ila pale mliposema ini likikatwa linaota tena kama mkia wa mjusi nimeona niandike, maana sivyo kabisa. Kile kipande kilichokatwa hakirudi. Kilichobaki ndo kinanenepa, seli zake zinagawanyika mpaka uzito unakaribia ule wa mwanzo, na hili linajulikana tangu 1931, watafiti Higgins na Anderson walipowakata panya theluthi mbili ya ini na likajaa tena ndani ya wiki moja mbili hivi.

Sasa kinachoniuma ni ndugu zetu wanaoenda India kumpa mzazi au mtoto kipande cha ini, mara nyingi upande wa kulia ambao ni zaidi ya nusu, halafu wakirudi ikionekana tu ini limekua basi wanaambiwa uko poa nenda zako. Limekua sawa, lakini nguvu ya kufanya kazi limeipata? Ukubwa ni kitu kimoja na nguvu ni kitu kingine, na vipimo vya damu vinasaidia ila havikuonyeshi ndani ya seli kuna nini.

Hapa ndo MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, ingetusaidia sana. Hakuna kisu, hakuna sindano ya kunyofoa nyama ya ini, hakuna mionzi kama ya siti skani, kwa hiyo mtu yule yule unaweza kumpima kesho, wiki ijayo na miezi sita mbele (wenye vyuma au betri ya moyo mwilini waseme kwanza). Hata kwenye utafiti zamani ukitaka kuona ini la panya siku ya tatu ilibidi umuue, siku ya saba umuue mwingine, leo unamfuatilia huyo huyo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Na kuna kipimo watu wengi hawajawahi kukisikia, spektroskopia ya fosforasi. Mgonjwa analala kwenye mashine ile ile, anawekewa koili (kifaa cha kunasa mawimbi) juu ya mbavu za kulia, na badala ya picha kompyuta inachora mstari wenye vilele. Vitatu ni vya ATP, yaani nishati ya seli, kimoja ni cha fosfati yenyewe, kingine ni cha malighafi za kujengea utando wa seli mpya. Ini likiwa linakua kweli hicho cha malighafi kinapanda, na ATP ikiwa chini unajua ini limechoka hata kama kwa ukubwa linapendeza. Ini lenye sirosisi, yaani lililojaa makovu, ndo linahangaika zaidi, na kwetu homa ya ini B inayoweza kuileta ipo nyingi!

Tatizo ni kwamba MRI nyingi za hospitali zinasikiliza mawimbi ya haidrojeni tu. Kwenye sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) haidrojeni inaita kwenye masafa ya megahezi 64 hivi, fosforasi kwenye 26, kwa hiyo inahitaji koili yake na vifaa vyake. Naomba gazeti lako liwaulize wanaoagiza mashine mpya kama wanalifikiria hili kabla hawajasaini mkataba, na liwaulize madaktari wanaowapokea wachangiaji wa ini wakirudi nyumbani wanawafuatilia kwa muda gani na kwa kipimo gani.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam