Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: tusomewe mkataba wa kaboni kwa Kiswahili

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Pokea salamu za wanakijiji wenzangu.

Alhamisi usiku tulikuwa wanne doria, tochi mbili. Tulichelewa. Mninga ulishalala chini, kisiki kinachuruzika utomvu mwekundu kama damu, na kibati cha namba bado kimegongomelewa kwenye gogo. Mti huo niliupima mwenyewe. Nilizungusha utepe usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, mtaalamu akaandika. Akatuambia unene ule ndio kaboni, yaani hewa chafu ambayo mti umeivuta na kuihifadhi, na kaboni ni fedha: wapo wanaolipa ili miti isikatwe.

Mwenye shoka tulimkuta palepale. Ni jirani yangu. Hakukimbia. Aliniuliza, "Hiyo hewa mnayoilinda imeshamlisha nani?" Mheshimiwa, nilikosa jibu.

Wewe ndiye uliyetuahidi. Ulisimama chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji ukasema kabla ya masika zahanati itakuwa imeezekwa kwa fedha hizo za kaboni. Masika ya pili hayo yamepita. Matofali tuliyofyatua wenyewe yanamomonyoka, na mke wangu amejifungulia njiani, akipelekwa kwa bodaboda. Mkaa tumeacha kuchoma. Malisho tumefunga. Kila kiangazi tunafyeka njia za moto bila posho, bila hata buti. Wenzetu wa vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, kule Katavi, wamejenga zahanati na madarasa kwa fedha za kaboni. Kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Zetu zimekwama wapi? Labda kaboni haijauzwa. Labda mnunuzi kashusha bei. Labda zimeingia akaunti tusiyoijua. Nakisia tu, maana mkataba uliosainiwa kwa jina la kijiji ni wa Kiingereza kurasa zote, na nakala haipo hata kwa mtendaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba yetu. Iweje sisi wenye ardhi ndio tusioujua mkataba?

Nilikaa niandike mengi: posho, buti, zahanati. Nimeyaacha. Naomba moja tu. Uitishe mkutano mkuu wa kijiji, uje na huyo mtaalamu, mkataba usomwe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, mpaka saini ya mwisho. Usomwe kwa Kiswahili, Mheshimiwa. Jirani yangu nimeshamwambia atakaa mstari wa mbele.

Wako,
Mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji