Barua ya Kwenda Wete: Siku Ami Yako Alipopatikana

Tunguu, Unguja
Ijumaa, baada ya sala

Swahibu yangu Nahodha,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima, alhamdulillah. Vuli imeanza kwa kusuasua, huku Tunguu mawingu yanapita tu na kwenda zao. Natumai wewe na mama hamjambo, na goti la babu limepata nafuu.

Barua yako imenifikia. Umeniuliza swali moja tu: huko chuoni natafuta nini hasa, na wewe mvuvi utanisaidia nini. Nimekaa nalo siku tatu. Nakujibu kwa urefu, yakhe, kwa sababu jibu lenyewe lilianzia barazani kwenu.

Unakumbuka ami yako alipopotea? Tulikuwa darasa la saba, kusi, ule upepo wa kusini, limekaza. Mashine ya mashua ikawazimia nje ya kisiwa cha Fundo wakati wa alasiri, yeye na mwenzake, simu ikapiga mara moja kisha ikafa. Mimi na wewe tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tukisikiliza wazee. Watu wengi walitaka kutoka pale pale na kila mashua iliyokuwepo. Babu yako hakupandisha sauti. Aliuliza tu. Mashine imezima saa ngapi? Maji yalikuwa yanajaa au yanatoka? Mwezi leo una siku ngapi? Mashua imebeba nini, imeketi chini au inaelea juu juu? Wana nanga ya kufika chini?

Alipokwisha kujibiwa akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba maji yalikuwa yanatoka, kwa hiyo yamewapitisha mlango wa Fundo, ule upenyo wa kutokea bahari kuu, na kuwatia mkondoni. Ikiwa hawakushika Ras Kigomasha kabla ya magharibi, basi Pemba wameshaiacha. Mashua moja ikaambiwa itazame kisiwa cha Njao, ya pili ikaelekea Ras Kigomasha, ya tatu ikatoka moja kwa moja nje. Na yeye akaagiza wapigiwe simu jamaa zenu wa Wasini na Shimoni. Kesho yake adhuhuri wakaonekana huko Kenya, midomo imepasuka kwa chumvi, wazima.

Mimi siku ile niliona kama karama. Leo naijua ilikuwa hesabu. Babu aliitembeza bahari kichwani mwake mbele ya wakati, akaona mashua itakuwa wapi kabla haijafika. Sisi huku tunaita uigaji. Utafiti wangu wote ni kujaribu kuifundisha kompyuta kufanya alichofanya babu pale barazani, ili siku nyingine mashua ikizima mashine, watu wasiotea gizani.

Nikueleze inavyokwenda. Bahari yote, tuseme mraba wa kilomita 200 kwa 200 wenye Pemba ndani yake, inakatwa visanduku vya kilomita moja moja. Hivyo ni visanduku 40,000 kwa juu, na ukiigawa kwenda chini tabaka 30, vinafika milioni 1.2. Kila kisanduku kina maji yake, joto lake, chumvi yake na kasi yake. Kompyuta inauliza kila kisanduku: jirani zako wamekusukuma kiasi gani? Inahesabu, inasogeza saa mbele kidogo, inauliza tena. Mkondo wetu ule wa Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata mita 1 hadi 2 kwa sekunde. Hata ukichukua mita 1 tu, usiku mmoja wa saa 12 ni kilomita 43. Ndiyo maana babu alitaja Shimoni.

Lakini kisanduku cha kilomita moja hakiuoni mlango wa Fundo vizuri. Nikitaka nusu kilomita, visanduku vya juu vinakuwa mara 4, na hatua za saa nazo lazima zifupishwe nusu, la sivyo hesabu inalipuka na bahari ya kwenye kompyuta inafanya mambo ambayo maji hayajapata kuyafanya. Kwa hiyo kazi inakuwa mara 8. Sharti hilo walilieleza wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy, mwaka 1928, kabla ya kompyuta kuwepo. Robo kilomita ni mara 64. Kompyuta yangu ya mezani haina ubavu huo.

Hapo ndipo linapoingia neno gridi, na neno hili wewe unalijua kwenye umeme. Mimi nililijua kwa uchungu, kwa sababu nilihamia Unguja kusoma mwaka ule ule kebo ya kutoka bara ilipoharibika, kisiwa kizima kikakaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tulisoma kwa kibatari na maji tukayachota visimani. Nyinyi Pemba mlikuwa bado mnategemea jenereta, kebo ya kutoka Tanga ikaja 2010 hiyo hiyo. Kabla ya kukatika sikuwahi kujiuliza umeme unatoka bwawa gani au mtambo gani. Unabonyeza swichi, taa inawaka. Wataalamu wawili wanaofanya kazi Marekani, Ian Foster na Carl Kesselman, walilichukua wazo hilo hilo katika kitabu walichokihariri mwaka 1998. Walisema nguvu ya kompyuta nayo ipatikane hivyo: mashine za vyuo na nchi mbalimbali ziunganishwe, mwenye kazi aitie tu, ifanyike popote penye nafasi. Jina wakalitoa kwenye gridi ya umeme.

Na si ndoto. Mwaka 1999 chuo cha Berkeley kilianza mradi wa SETI@home, watu wa kawaida duniani kote wakaazimisha kompyuta zao za nyumbani zichambue mawimbi ya redio kutoka angani. Ulikwenda mpaka 2020. Kule CERN, maabara ya fizikia kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, data za majaribio yao zinagawanywa kwa vituo vya kompyuta kiasi cha 170 katika nchi zaidi ya 40. Uliowahi kunigusa zaidi ni ule wa taasisi ya tiba za nchi za joto ya Uswisi, ambao kompyuta za watu waliojitolea ziliiga kuenea kwa malaria. Fikiria, mtu amelala Ulaya, kompyuta yake inafanya hesabu ya ugonjwa uliotulaza mimi na wewe kitanda kimoja tukiwa na miaka sita.

Ila si kila kazi inagawika, na hili lilinichukua muda kulielewa. Kuna kazi ya kuchuma karafuu na kuna kazi ya kushua jahazi. Kwenye karafuu kila mchumaji na mkarafuu wake. Mmoja akichelewa, akishuka kunywa maji, mwenzake hadhuriki, jioni kila mtu analeta pishi zake. Kwenye kushua jahazi lazima wote wasukume kwa pumzi moja, mmoja akizubaa jahazi halisogei. Visanduku vya bahari ni jahazi, kila kimoja kinamngoja jirani yake kila hatua, na ukiviweka kwenye kompyuta zilizotawanyika zenye intaneti ya kusitasita, muda wote unaishia kungojana. Kazi hiyo inataka mashine zilizokaa pamoja, zimeunganishwa kwa waya wa kasi. Lakini mashua inayopotea ni karafuu. Mkondo ukishahesabiwa, naachia mashua elfu kadhaa za kubuni, kila moja nimeibadilishia upepo kidogo, saa kidogo, uzito kidogo, na kila moja inahesabiwa peke yake. Mwisho natazama nyingi zimeangukia wapi.

Hizo sasa nazifanyia hapa hapa. Chumba cha kompyuta kinafungwa jioni na mashine zote zinakaa bure mpaka asubuhi. Natumia programu iitwayo HTCondor, iliyoanzia chuo cha Wisconsin miaka ya 1980. Inatafuta kompyuta isiyo na mtu, inaipa kazi, na mwanafunzi akigusa kibodi, kazi inaondoka kimya kimya ikatafute pengine, kama mgeni mwenye adabu aliyeona mwenye nyumba anataka kulala. Umeme ukikatika, inaanzia ilipoweka alama ya mwisho. Asubuhi nakuja na kikombe changu cha chai nakuta mashua zimeshafika zilikofika.

Basi nguvu nimepata. Kilichonikwamisha ni maneno, na hapa ndipo nakuhitaji.

Nilikusanya visa vya mashua zilizopotea zikaonekana, kutoka kwa wavuvi wa huku na wa huko kwetu, ili nione kama kompyuta inatoa jibu lile lile. Kwa wiki tatu haikukubaliana na yeyote. Mashua iliyookotwa karibu na Fundo, kompyuta inaipeleka kaskazini, upande wa Lamu. Iliyotoka nje, kompyuta inairudisha ufukweni. Nilidhani hesabu ya mkondo ina kosa, nikaifungua yote, nikaikagua upya. Haina kosa.

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Mvuvi ameniandikia kwenye daftari "saa 4 mashine ikazima". Asubuhi, saa 4 yetu. Mimi nikaingiza 4, na kompyuta ikaisoma saa 4 ya kuanzia usiku wa manane, yaani saa 10 ya alfajiri kwetu. Tofauti ni saa 6. Sasa wewe mwana wa pwani niambie, maji yakijaa saa hii, baada ya saa 6 yakoje? Kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kosa la saa 6 linageuza bahari nzima, yanayotoka yakawa yanaingia. Na wakati wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka karibu mita 4, pale mlangoni hiyo ndiyo tofauti ya kutupwa mkondoni na kusukumwa nyumbani. Lile swali la pili la babu, mimi kompyuta nilikuwa nimeijibu kinyume.

Kosa la pili ni kaskazi. Kwenye daftari limeandikwa "kaskazi" tu. Kwangu mimi nilipokuwa naandika programu, kaskazini na kaskazi vikawa kitu kimoja, nikaifahamisha mashine kwamba mashua inasukumwa kwenda huko. Kumbe mvuvi anasema upepo, unaotoka huko na kusukuma kwenda kusini. Wakati wa kaskazi mkondo unapungua nguvu na upepo unaipinga safari, mashua inaweza kuzubaa pale pale mchana kutwa. Mimi niliuunganisha upepo na mkondo wakaipeleka mashua upande wa Lamu. Neno moja, na ni upepo, ni msimu, na kwa wengine ni upande wa dunia. Babu akilisikia anajua lipi ni lipi. Mashine haijui mpaka iambiwe.

Kuiambia kuna namna yake. Tim Berners-Lee, yule aliyeubuni wavuti, pamoja na James Hendler na Ora Lassila, waliandika mwaka 2001 kwamba wavuti ubebe maana ambayo kompyuta nayo inaifahamu. Msingi wake ulikuwa umeshawekwa mwaka 1999, na ni mwepesi ajabu: kila jambo unalisema kwa sehemu tatu. Kusi, huvuma kutoka, kusini. Bamvua, hutokea wakati wa, mwezi mpevu. Kila kitu kinapewa anwani yake, kwa hiyo kaskazi ya upepo na kaskazi ya msimu zina anwani mbali mbali hata kama jina ni moja. Na ukisema mara moja kwamba chombo husukumwa kinyume na upepo unakotoka, mashine inajitolea yenyewe hukumu kwa kila upepo ulioiambia unakotoka, hata kama hukuitajia unasukuma wapi. Ningekuwa nimeanza hivyo, zile wiki tatu zisingepotea.

Watu wengi hapa wanasema tukipata mashine kubwa mambo yatakwisha. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mashine naweza kuazima Dar es Salaam, naweza kuazima hata Ulaya. Maana ya "maji yamekufa" na ya "mkondo unavuta kwa chini" hakuna wa kuniazima isipokuwa babu yako na wenziwe, nao wana umri wao.

Wewe unajua pia kwa nini siliachi jambo hili. Tangu usiku ule wa tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama Nungwi ikielekea Pemba, kila nikifumba macho naona watu wameshika magodoro, na juu ya nchi kavu hakuna aliyejua maji yanawapeleka wapi. Tuliyempoteza sisi hatukumzika. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Ninachokuomba ni hiki. Kaa na babu jioni baada ya isha, asichoshwe, maneno matano sita kwa siku yanatosha. Kila upepo anaoujua, matlai, umande na mingineyo: unatoka wapi, unakuja lini, unafuatana na nini. Kila aina ya maji. Kila mlango na mwamba, kwa jina wanaloliita wao. Akisema neno ambalo Tumbatu wanalisema vingine, andika yote mawili. Usimsahihishe, na usilibadilishe neno lake liwe la kitabuni. Saa andika "asubuhi" au "usiku" mbele yake, nakuomba sana. Na siku, andika mwezi una siku ngapi kwa hesabu yake yeye.

Daftari nne na kalamu nimezitia kwenye bahasha, pamoja na dawa ya goti na halua kidogo ya mama. Zinakuja na boti ya Jumamosi, kijana atakupigia akishuka. Daftari la kwanza likijaa usingoje mengine, nitumie hilo hilo.

Na muulize babu swali moja kwa niaba yangu. Siku ile, kwa nini aliuliza kama mashua imeketi chini au inaelea juu juu? Nina jibu langu kwenye hesabu, lakini nataka kusikia lake kwanza.

Nisalimie wote, na watoto.

Akupendaye,
swahibu yako wa chini ya mwembe