Barua ya wazi kwa Kamishna wa Uhifadhi: siku tano za Marangu hazitoshi

Ndugu Kamishna wa Uhifadhi,
Hifadhi za Taifa Tanzania,
Arusha.

YAH: IDADI YA SIKU KWENYE VIBALI VYA KUPANDA MLIMA KILIMANJARO

Salaam kutoka mlimani.

Tunaomba kibali cha njia ya Marangu kisitolewe tena kwa chini ya siku sita, na cha Machame kisitolewe kwa chini ya siku saba. Sababu ni hesabu ya kujumlisha tu.

Geti la Marangu liko takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza mgeni analala vibanda vya Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na hapo kulala ni jina tu, maana saa tano usiku anaamshwa anywe chai, saa sita yuko njiani kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa na wapanda milima duniani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne mtu apumzike siku nzima. Ratiba ya siku tano inapandisha kitanda mita 1,000, kesho yake 1,000 nyingine, kisha inadai 1,175 za mwisho gizani. Tunawahimiza wageni "pole pole" tangu getini, mpaka wengine wanarudi kwao na fulana iliyoandikwa hivyo. Pole pole ya miguu haimsaidii mtu anayekimbizwa na kalenda.

Kileleni mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani. Mwili huanza kuzoea kwa kupumua haraka, lakini kazi kubwa, ya figo na damu, inahitaji siku kadhaa na haiharakishwi kwa ujasiri wala kwa mazoezi ya gym. Ndiyo maana kijana mkimbiaji anatapika Kibo huku bibi wa miaka 60 anakula supu. Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula ni onyo. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, ubongo unavimba. Akihema ilhali amekaa, na kikohozi juu yake, mapafu yanaingia maji. Dawa ya kweli ya hayo mawili ni kushuka, saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Oksijeni na sindano vinanunua muda tu.

Ubaya wa siku tano ni kwamba hazina mahali pa kusubiri. Mgeni akiamka Horombo na kichwa kizito, mwongozaji ana njia mbili: kusonga naye au kumrudisha. Mgeni naye anajua hivyo, kwa hiyo anameza kidonge na kusema yuko sawa. Mpe siku ya akiba, na njia ya tatu inapatikana: leo tunabaki.

Siku hiyo ya akiba, ambayo huwa Horombo, nayo si ya kulala kitandani. Baada ya kifungua kinywa kundi linapanda hadi miamba ya Zebra Rocks, kama mita 4,000, na wenye nguvu wanasogea mbele kidogo upande wa kilele cha Mawenzi. Wanakaa huko saa moja, wanakunywa maji, wanashuka kula mchana Horombo. Panda juu, lala chini. Tunakiri kwamba hata hivyo kuruka kutoka Horombo hadi Kibo kunabaki mita 1,000, kwa kuwa katikati hakuna vibanda. Siku sita ni afadhali, si kamilifu.

Machame imepangwa kwa akili zaidi: siku ya tatu unapanda hadi mwamba wa Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu unashuka kulala kambi ya Barranco, chini kidogo ya 4,000. Lakini kwenye ratiba ya siku sita ya Machame faida hiyo inaliwa kesho yake. Kundi linapanda ukuta wa Barranco asubuhi, linapita kambi ya Karanga bila kulala, linafika kambi ya Barafu, mita 4,670, jioni likiwa hoi, na saa sita usiku linaondoka. Ukilala Karanga, kesho yake unafika Barafu saa za chakula cha mchana na una alasiri nzima ya kulaza mgongo.

Hapo kuna jambo lisiloonekana kwenye vipeperushi: Barafu haina maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, na wagumu, yaani wapagazi, ndio wanaoyapandisha. Marangu ni vilevile, maji ya mwisho yako juu kidogo ya Horombo, na Kibo ni kukavu. Lita 20 ni kilo 20, yaani mzigo mzima ulioruhusiwa, na mizani ya getini haiyaoni maji hayo. Kwenye siku sita za Machame, mgumu aliyetoka Barranco na hema asubuhi ndiye huyohuyo anayetafutiwa dumu mchana. Naye mwili wake unapanda mwinuko uleule.

Tunajua pingamizi litakalokuja, nalo ni la haki: vitanda. Kundi la siku tano linalala Horombo usiku mara mbili, kupanda na kushuka. La siku sita linalala mara tatu, kwa hiyo mahitaji yanaongezeka kwa nusu. Tunapendekeza mahema yaruhusiwe Horombo kwa usiku wa ziada, kwenye eneo moja lililopimwa, karibu na vyoo. Na kwa kuwa ada huhesabiwa kwa siku, anayebana matumizi hukata siku kwanza. Sameheni ada ya kulala ya usiku huo mmoja tu. Ada ya hifadhi ya siku ya sita, ambayo leo haipo, itaingia.

Mwisho, ukaguzi wa jioni Kibo na Barafu kabla ya kuondoka. Hauhitaji mashine. Chora mstari wa mita tatu, mtu atembee kisigino kikigusa kidole. Anayeyumba anashuka usiku huo, na jina linaandikwa kwenye fomu ya kundi. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kitumike kwa tahadhari: kidole baridi au chenye rangi ya kucha husoma vibaya, na kwa mwinuko wa Kibo si ajabu mtu mzima mwenye afya kusoma chini ya asilimia 85. Namba nzuri isimpandishe mtu anayeyumba.

Msimu mkubwa huanza Juni, na safari zake huuzwa miezi mingi kabla. Uamuzi ukitangazwa Mei, makundi yaliyokwisha kulipia siku tano yatakuwa tayari njiani, kwa hiyo tunaomba utangazwe mapema, pamoja na tarehe ya kuanza.

Wako katika kazi,
Waongozaji na wagumu wa Marangu na Machame