Shukrani kwa mwalimu wa herufi za msasa

Mwalimu mstaafu uliyefika darasa letu la awali hapa Nyakato, Mwanza, ukataka jina lako lisitajwe: asante sana.

Falsafa ya Maria Montessori, daktari na mlezi wa Kiitalia aliyefungua shule yake ya watoto wadogo, “Nyumba ya Watoto”, Roma mwaka 1907, wengi huikariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Wewe ulituletea vibao vya herufi. Herufi ya msasa laini, irabu kwenye buluu, konsonanti kwenye waridi. Mtoto huipapasa kwa kidole cha shahada na cha kati, akifuata mwelekeo wa kuandika, huku akitamka sauti yake: m ni “mmm”, siyo jina lake “em”. Msasa mkali huchubua, na aliyechubuka hagusi tena. Msasa ukikosekana, mchanga wa ziwani uliobandikwa kwa gundi unafaa, ukichekechwa. Gundi ya unga haifai, hulainika masika na mende huila.

Kisha hatua tatu: “Hii ni m.” “Nionyeshe m.” “Hii ni ipi?” Herufi mbili tatu tu kwa kipindi, na b isikae na d. Akikwama ya tatu, rudi ya kwanza bila kumkemea. Kwa darasa la watoto sabini ulishauri mikeka na makundi ya watano watano; hapo bado tunabishana.

Wabeja sana (asante sana kwa Kisukuma), Mwalimu.