Pesa za malezi zihesabiwe zinavyofika, si mahakama ilivyoamuru

Mhariri,

Kila msimu wa maombi ya ufadhili na mikopo ya vyuo vikuu, familia zinazolelewa na mama peke yake hukwama mahali pamoja kwenye fomu ya HEF, tovuti ya kuombea ufadhili na mikopo hiyo: mapato ya wazazi. Baba yu hai, hakai nao, ila hutuma pesa za malezi. Mwezi huu zote, mwezi ujao nusu, kisha kimya. Ziandikwe au zisiandikwe? Wapo wanaoziacha nje. Wapo wanaojaza kiwango kilichoamriwa na mahakama, ingawa hakijawahi kufika kikamilifu. Na wapo wanaomwandika baba kuwa marehemu, jambo ambalo linaanguka pale tu fomu inapodai nambari ya cheti cha kifo. Tunaomba nafasi tueleze hesabu hii, kwa sababu kosa lake hulipwa na mwanafunzi.

Waombaji hupangwa katika bendi, yaani makundi ya uwezo wa familia. Kwa viwango ambavyo serikali ilitangaza 2024, Bendi ya 2 ni ya familia zenye mapato yasiyozidi Sh23,670 kwa mwezi, na Bendi ya 3 inafika Sh70,000. Mwanafunzi wa Bendi ya 2 hupata ufadhili wa asilimia 60 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 30, familia ikibaki na 10. Katika Bendi ya 3 ufadhili hushuka hadi asilimia 50, mkopo unabaki 30, na familia hubeba 20. Mkopo wa matumizi nao hupungua kutoka Sh55,000 kwa mwaka hadi Sh50,000.

Sasa mchukulie mama anayepata Sh18,000 kwa mwezi, na mahakama imemwamuru baba atoe Sh8,000. Akijumlisha kwa haraka anapata Sh26,000, juu ya mpaka wa Bendi ya 2. Kwa kozi ya Sh200,000 kwa mwaka, mzigo wa familia ni Sh40,000 badala ya Sh20,000, na mwanafunzi ana Sh5,000 pungufu za kujikimu. Lakini tuseme kati ya miezi 12 iliyopita baba alituma minne tu. Hizo ni Sh32,000. Ukigawanya kwa 12 ni kama Sh2,667 kwa mwezi. Mapato halisi ya nyumba ni Sh20,667. Tunajua mapato si kigezo pekee, maana idadi ya wategemezi, mahali familia inakotoka, ulemavu na gharama ya kozi pia hupimwa, lakini hakuna sababu ya mtu kujisukuma mwenyewe juu ya mpaka kwa pesa ambazo hajaziona. Amri ya Sh8,000 ni deni la baba. Haijawa mapato ya nyumba mpaka iingie.

Kwa hiyo wastani wa miezi 12 ndio wa kuandikwa, na uwe na ushahidi. Mama apige *334# na kuomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, kisha apige mstari chini ya kila malipo ya baba. Kama pesa hupitia kwa nyanya au hutolewa mkononi, daftari lenye tarehe na sahihi ni bora kuliko maneno matupu. Nakala ya amri ya mahakama iwekwe pamoja na taarifa hiyo, maana zikisomwa sambamba pengo linaonekana lenyewe. Juu yake iwepo hati ya kiapo inayosema mtoto anaishi na nani, baba hutoa kiasi gani na tangu lini. Kama baba hulipa karo ya wadogo moja kwa moja shuleni, hati iseme hivyo pia, ili isidhaniwe kuwa ni pesa zilizopita mikononi mwa mama. Barua ya chifu inayosema tu kwamba familia ni maskini haisaidii sana. Mwombeni ataje kwamba mzazi analea peke yake na idadi ya watoto walio shuleni.

Mshahara wa baba usikisiwe. Mtu akiandika Sh60,000 kwa kusikia uvumi, familia ya mama inahesabiwa kama yenye pesa ambazo haina. Kuzificha pesa za malezi nako ni taarifa ya uongo kwa ombi la mkopo wa serikali, na M-Pesa haisahau.

Lipo pia suala la umri, na hili huwapata wengi bila kutarajia. Amri nyingi za malezi hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, yaani wakati uleule anapojiandaa kwenda chuoni. Zikikoma, wastani wa mwaka uliopita hauelezi tena hali ya nyumba. Hati ya kiapo itaje tarehe ya malipo ya mwisho. Ila mama asikubali haraka kwamba mambo yameisha. Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18 kukiwa na sababu maalum, na masomo ni hoja ya kupeleka mbele ya hakimu. Katiba nayo, kifungu cha 53, inawabebesha baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la.

Bendi ikitoka isivyofaa, rufaa ipelekwe ikiwa na karatasi zilezile na ukurasa mmoja wa hesabu. Barua ndefu ya kilio bila tarakimu haimpi afisa kitu cha kurekebisha.

Kwa Hazina ya Vyuo Vikuu, inayotoa ufadhili, na HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, tuna ombi moja: chapisheni kwa Kiswahili na Kiingereza, kabla ya dirisha lijalo kufunguliwa, jinsi pesa za malezi zinavyohesabiwa, na mruhusu mwanafunzi kusahihisha mapato katikati ya mwaka baba anapoacha kutuma.

Washauri wa wanafunzi,
Nakuru