Mkono wa Idi kwa bibi zetu

Idi Mubarak, ndugu, jamaa na marafiki. Minal aidina wal faizina. Mwezi umeandama, saumu tumeimaliza, na Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, visimamo vyetu na kila tonge tulilomfuturishia mtu. Mwaka huu salamu zangu za sikukuu nataka zitangulie kwa bibi zetu, dada zao, shangazi na mama wakubwa. Nikiikumbuka Idi ya utotoni kwetu Ng'ambo, Unguja, kila nilichokipenda ndani yake kilipita kwanza mikononi mwa mwanamke mtu mzima.

Sikukuu ya nyumbani kwetu ilianzia kwenye mchele. Mfungo ukikaribia kwisha, Bibi alitandika mkeka ukumbini, akavuta gunia, akaketi na kibaba chake. Zakatul fitri, sadaka ya lazima ya kumalizia mfungo wanayopewa wahitaji, ni pishi moja kwa kila mtu, na pishi ni vibaba vinne, kama kilo 2.5 za leo. Aliyenunua mchele ni Babu, lakini mpimaji alikuwa Bibi, na hapo hakuna aliyemwingilia. Alianza na Babu, wakafuata watoto, wakwe, wajukuu, mpaka kichanga ambaye mama yake bado hajatoka arubaini. Sisi tulijipanga ukutani tukingoja majina yetu. Likitajwa lako, vibaba vinne vinamiminwa kapuni mbele ya macho yako, nawe unajiona mtu kamili katika nyumba ile. Na Bibi hakupima kibaba cha mfuto. Kila kimoja kilikuwa cha tele, mchele umechongoka juu, na punje zilizomwagika mkekani hazikurudi guniani. Aliziokota mojamoja akazitia kapuni, maana zilikwisha toka kwa nia.

Kisha ikaja kazi ya kujua nani apelekewe. Bibi hakuwa na daftari. Alikuwa na mtaa mzima kichwani: nani kafiwa mwaka huu, nani mumewe yuko baharini hajaleta habari, nani ana wageni kutoka Pemba wasiotarajiwa. Alijua kuna mjane nyuma ya msikiti anayeona haya kupokea mbele za watu. Mchele wa yule mama ulipelekwa baada ya Isha, na aliyetumwa aliagizwa aseme "Bibi anakusalimu" na asiongeze neno. Nimewahi kutumwa mimi. Yule mama alipokea kapu, akanishika kichwa, akaniuliza Bibi hajambo miguu. Nilirudi nimejaa fahari kama niliyekabidhiwa siri ya serikali.

Usiku wa kungoja mwezi, watu wazima waliizunguka redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, na jikoni kazi ilikwisha kuanza bila kungoja tangazo lolote. Fundi wa mkate wa kumimina alikuwa bibi mdogo, nduguye Bibi. Mchele ulirowekwa tangu jana yake, ukasagwa na tui la kwanza, hiliki na hamira, ukafunikwa uumuke. Yeye alikuwa akifunua, anatazama mapovu, anafunika tena kimya, na jiko zima linamsubiri. Ukishamiminwa sufuriani, makaa machache yanabaki chini na mengine yanapaliwa juu ya kifuniko. Hapo watoto tulifukuzwa, kwani aliamini mkate ukipigiwa kelele unadidimia. Tulikaa uani tunanong'ona mpaka harufu itutoe. Siku hizi nauoka kwenye oveni na unatoka mzuri, watu wanausifu, lakini ule ukingo wake uliobabuka kidogo kwa makaa, wenye ladha ya moshi na nazi, sijaupata tena.

Shangazi yeye alishughulika na hina, udi na nguo. Tulilala mikono imefungwa vitambaa, tukaamka viganja vyekundu, na nyumba nzima imefukizwa.

Asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kuswali, Bibi alitulisha tende kwa mkono wake mwenyewe. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sababu sunna ya Idi hii ni kutangulia kula tende, na ziwe witiri, yaani idadi isiyogawika kwa mbili. Sunna nyingine ni kwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na hiyo Bibi aliishika barabara. Njia yetu ya kurudi aliipanga yeye: tupitie Kikwajuni kwa dada wa babu, tukatize Miembeni kwa mama mkubwa, tusisahau yule bibi wa Kisiwandui aliyemnyonyesha baba yetu. Kila mlango ni shikamoo, kubusu mkono, na kusubiri ajibu kwa utulivu wake. Wazee wale walifungua fundo la pindo la kanga wakatupa sikukuu, sarafu yenye joto la mwili. Zilikwenda zote Mnazi Mmoja jioni ile, kwenye bembea, urojo na malai, na kesho yake tukaanza upya, kwani kwetu sikukuu ni siku nne.

Akili yetu ilikuwa kwenye sarafu. Ya Bibi ilikuwa kwenye milango. Alipofariki, watu waliojaa barazani kwetu niliwatambua takriban wote, wa nyumba ipi na wananihusu vipi, bila kuuliza mtu. Nilikuwa nimeingia nyumba zao kila Idi tangu sijafika kimo cha kitasa. Sasa nawaona watoto wetu wanapokea sikukuu kwa simu, kutoka kwa watu wasiowajua sura, na naumia. Nitawatoa wangu mwaka huu, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, hata kama watalalamika jua.

Baada ya swala wengi wetu tutapita makaburini Mwanakwerekwe kuwasomea Fatiha waliotangulia. Mwenyezi Mungu awarehemu, awape kauli thabiti, na kila pishi waliyoipima kwa tele awalipe kwa tele. Na nyinyi mliofiwa na bibi zenu ndani ya mwaka huu, hii ikiwa Idi ya kwanza bila yao, nawapa pole kwa moyo wote. Njooni kwetu mle nasi. Sitawauliza mbona mmenyamaza.

Wenye bibi hai, nendeni mapema kabla nyumba haijajaa. Kaeni naye chini, mshikeni miguu inayomuuma, mwulizeni mkate anaupima vipi na nani ni nani katika ukoo, kisha muandike. Msimwache akae peke yake chumbani huku wageni wakipigana picha ukumbini. Na nyinyi mlioko Muscat, Dar, London na kwingineko ambao mwaka huu hamkujaaliwa kuja, pigeni simu asubuhi, pilau haijaiva. Mchana wajukuu watakuwa wamerudi kutoka viwanjani na bibi hatawasikia.