Shawa inadondoka hata ukiifunga? Usikaze, soma hii kwanza

Meseji tunayopata sana ni hii: "fundi, shawa inavuja, nimekaza weee lakini wapi". Jamani acheni kukaza. Koki ya zamani ukiikaza kwa nguvu raba ya ndani inachanika, ukizidisha unaanza kula kile kiti cha shaba ambacho raba inakalia, na hapo kazi ya raba moja inageuka kuwa ya koki nzima.

Kwanza hakikisha kweli inavuja. Ukishafunga, maji kidogo hubaki kwenye kichwa cha shawa na yatadondoka dakika kadhaa, hiyo sio shida. Lakini kama umeoga jioni na asubuhi bado tone linafuata tone, koki haifungi. Tone moja kila sekunde linaweza kufika lita 20 kwa siku, weka ndoo chini utaona mwenyewe.

Halafu angalia maji yanatokea wapi, maana watu wengi wananunua spea isiyohusika. Yakitoka kwenye kichwa cha shawa wakati umefunga, ubovu uko ndani ya koki. Yakitoka nyuma ya mshikio, na hasa shawa ikiwa wazi, hiyo ni oringi (raba ya duara) au pakingi (kizibo kinachozuia maji) ya shina, yaani ule mti wa ndani unaozungushwa na mshikio, na kwenye koki nyingi za zamani ukiikaza nati ya pakingi kidogo tu inakata. Ukuta ukiwa na unyevu au rangi inabanduka upande wa pili, funga koki zote za ndani ya nyumba, usiguse ile ya mita, uangalie mita, ikiendelea kuzunguka kuna bomba linavuja mahali, na hiyo sio ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Sasa aina ya koki. Mishikio miwili, unazungusha mara kadhaa ndo inafunga, hiyo mara nyingi ni ya raba. Inafunga kwa robo mzunguko tu, ndani kuna visahani vya kauri. Mshikio mmoja wa moto na baridi, kawaida ni katriji, kile kipande kizima cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji, na hiyo hairekebishwi sana, inabadilishwa. Kama ni mishikio miwili na hujui upande upi unavuja, usitegemee joto la tone kwa sababu maji ya moto yanapoa njiani, funga koki ya chini inayoleta maji upande mmoja uone kama litakata.

Ukiamua kufungua mwenyewe, funga maji, fungua shawa yaliyobaki yaishe, na ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa, ile skrubu ndogo ya mshikio ikidumbukia humo hutaiona tena. Chokaa ikigandisha, paka siki, subiri, usianze kupiga nyundo kwenye vigae. Ukitoa shina usikimbilie raba tu. Ingiza kidole kwenye kiti, ukisikia kishimo au mkwaruzo kama ukingo wa sarafu iliyolika, raba mpya itavuja tena baada ya muda mfupi mpaka kiti kisagwe au kibadilishwe. Hili ndo linarukwa kuliko yote, na ndo sababu mtu anakwambia amebadilisha raba mara tatu na fundi mwenyewe hajui tatizo ni nini!

Nenda dukani na kipande cha zamani mkononi, usielezee kwa mdomo. Kwenye kurudisha, paka grisi ya silikoni, grisi ya kawaida inayotokana na mafuta ya petroli inaharibu raba nyingi. Shina liwe limefunguliwa wakati unalikaza mahali pake ili raba isibanwe kwenye kiti, na katriji irudi ilivyokaa mwanzo, ukiigeuza maji ya moto yatatoka upande wa baridi.

Shina likigoma kabisa au koki yote ikaanza kuzunguka na bomba la ukutani, hapo acha, bomba likikatika ndani itabidi tuvunje ukuta. Tutumie picha ya koki ikiwa imetolewa mshikio, na useme maji yanatokea wapi, tutakuja na spea yenyewe badala ya kuja kuangalia tu.